Udongo Uliomwangukia Yavar

Ukuta wa shimo tulilokuwa tukichimba ulimwangukia mdogo wangu Yavar asubuhi, mara tu baada ya chai. Tulipomfukua alikuwa amekwisha kufa. Tukamzika siku hiyohiyo. Kabla ya mazishi mwosha maiti alitoka akamwambia mama kwamba meno matatu ya mbele hayapo. Mama hakulia. Tulipotoka makaburini aliniita.

"Eyvaz, mwanangu hakuzikwa mzima. Nenda ukalete sehemu yake iliyobaki."

Kwetu kitu cha mwili wa mtu hakiachwi nje, hata jino. Kinamfuata mwenyewe kaburini. Kwa hiyo kesho yake nikarudi shimoni.

Kijiji chetu kiko kwenye vilima vya chini ya mlima Sahand, na kila kiangazi tunawachimbia wataalamu kutoka Tehran. Wanatafuta wanyama walioishi hapa mamilioni ya miaka iliyopita: faru, fisi, swala, twiga wafupi, farasi wa vidole vitatu. Waliokuja zamani walibeba mafuvu mazuri wakaacha vipande. Bi Daktari Mahvash, mkuu wao wa sasa, hataki hivyo. Anasema ukiokota vikubwa peke yake utadhani nchi hii ilikuwa ya faru tu. Basi udongo wote wa sehemu tuliyoipima unatiwa kwenye magunia, unaloweshwa, unaoshwa kwenye chekeche. Kinachobaki juu ya wavu ndicho tunachochambua, mpaka meno ya panya.

Mimi na rafiki yangu Shamil tukaanza kuosha udongo uliomwangukia Yavar. Kazi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya msiba, na lori la maji lilikuwa linaondoka jioni. Bila maji udongo ule ni kama tofali.

"Kula mkate," Shamil akasema.

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza habari za njaa? Kula. Ukianguka hapa mama yako ataniosha mimi, tena nikiwa hai."

Sikucheka. Hata yeye hakucheka. Mdomo wake umezoea tu.

Sisi wachimbaji tuna njia yetu. Kitu kidogo ukikitilia shaka, unakigusa kwa ulimi. Mfupa wa kale hunata. Jiwe halinati, unalitupa. Nilikuwa nafanya hivyo tangu asubuhi, mkono unakwenda wenyewe. Nikaweka kitu ulimini, hakikunata, nikainua mkono nikitupe. Shamil akanishika kifundo cha mkono.

"Usitupe, we punda! Tazama!"

Nikatazama. Kilikuwa cheupe. Lilikuwa jino la Yavar, mzizi umevunjika; jino la mtu wa leo halinati. Nikalifunga kwenye pamba, nikalitia kwenye kikopo kama tunavyofanya kwa mengine. Nilingoja nisikie uchungu. Mdomoni mlikuwa na ladha ya udongo, basi.

"Umetupa kokoto ngapi tangu tuanze?" Shamil akauliza taratibu.

"Nyingi."

Tukapiga magoti kwenye rundo la kokoto, tukachambua upya kwa macho. Tukapata la pili. La tatu hatukuliona. Dereva wa lori akapiga honi, akaondoka. Udongo ulikuwa umekwisha.

Bi Daktari alikuwa ameketi pembeni na lenzi yake, akitazama tulichochekecha.

"Kaka Eyvaz," akasema, "humu mna panya. Na kasungura kadogo. Miaka yote tumesema hawakuwepo katika tabaka hili." Kisha akatazama chini.

Nilimpelekea mama kikopo. Akakifungua, akatazama muda mrefu.

"La tatu?"

"Sijaliona."

"Halipo, au hujaliona?"

"Sijaliona, mama."

"Basi limo humohumo. Leteni vyote mlivyochekecha, na kokoto zake."

"Mna mifupa ya wanyama humo."

"Walale naye. Kwani watamuuma?"

Nikarudi nikamwambia Bi Daktari. Uso ukamshuka.

"Nipe siku mbili tu. Nitoe meno ya panya, mengine yote mchukue."

"Hapana."

"Ukuta ule hautachimbwa tena, unajua. Hatuna udongo mwingine wa namna hii."

"Najua."

"Nitakuwa mwangalifu. Kila kitu kitarudi."

"Mimi pia nilikuwa mwangalifu, Bi Daktari. Nilikaribia kumtupa ndugu yangu."

Akatazama vichupa vyake vidogo vya meno vilivyokuwa vimepangwa juu ya sanduku.

"Na haya niliyokwisha kuyatoa?"

"Na hayo."

Akavifungua kimoja kimoja, akamwaga vilivyomo kwenye gunia la tulichochekecha. Meno yenyewe yalikuwa madogo kuliko punje za mchele, hata sauti hayakutoa. Kisha akashika pembe moja ya gunia, mimi nyingine, Shamil akabeba la kokoto.

Hatukufungua kaburi. Tulichimba ubavuni, tukaweka kikopo, tukamwaga magunia yote mawili. Mama alisimama na shali yake nyeusi, akauliza kama vyote vimeingia. Nikageuza magunia ndani nje, nikayakung'uta mbele yake aone.