Utungo wa Silikanti

Bi Mastura aliacha kula chakula cha mwanawe bila kumwambia mtu. Siku moja alilitoa uvunguni jiko lake la mkaa la zamani, akalikung'uta vumbi, akaliweka uani, akapika bada ya unga wa muhogo ya kumtosha na kibakuli cha kunde. Kesho yake vivyo hivyo. Asmahani, mwanawe wa pekee, aliyeishi naye nyumba hiyo hiyo ya Makorora, alipomuuliza akaambiwa tumbo limechafuka. Lakini ni tumbo gani linalokataa wali wa nazi likapokea kunde? Asmahani hakubishana. Akaendelea kupika kama kawaida, na sahani ya mama ikawa inafunikwa kawa mchana na kufunuliwa jioni ikiwa vile vile.

Nyumba za mtaa ule zimebanana. Mmoja akikaanga pilipili, wa pili anapiga chafya. Moshi wa majiko mawili katika ua mmoja haufichiki. Watu wakaanza kuuliza, kwa ile adabu ya kujifanya wanajulia hali. Mama hajambo? Hajambo. Anakula? Asmahani alijibu kwamba anakula, na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Saluni, maduka ya dawa, kuta za shule za chekechea, rangi nyingi unazoziona Makorora zimetoka mkononi mwake. Kisha akabuni mchezo wa kadi akauita Bamvua. Kila kadi ina samaki mmoja wa pwani ya Tanga na nguvu zake wakati wa maji makubwa na wakati wa maji mafu. Wewe unatupa pono, mimi natupa taa, mwenye nguvu anabeba. Waliocheka wakisema mtu mzima ananunuaje picha za samaki ndio hao hao walioonekana barazani alasiri wakigombea pweza.

Kadi ziliuzwa ndani ya bahasha za kaki zilizogundishwa, huoni kilichomo mpaka umelipa. Nyingi zilikuwa na dagaa na vibua. Chache mno zilikuwa na silikanti, yule samaki wa vilindini mwenye magamba mazito, ambaye kwenye Bamvua hakuna amshindaye. Kadi hiyo Asmahani aliichora kwa moyo wake wote: mvuvi amesimama mtumbwini, wavu wa jarife umemzinga miguu, na silikanti amempakata kifuani kama mtoto. Mvuvi mwenyewe ni marehemu Rama wa Kigombe, babake Asmahani, ambaye aliwahi kumnasa samaki huyo akidhani kapata papa. Siku ile hakukuwa na mtu wa kupiga picha. Asmahani alichora kwa masimulizi ya mama yake.

Siku ya kuzindua mchezo alisimama mbele ya watu, pale dukani kwa Kristofa zilikouzwa bahasha, akaapa. Wallahi silikanti zote zimo ndani ya bahasha, hakujiwekea hata moja, hatampa ndugu wala rafiki, na hatazichapa tena maisha. Alijivunia sana uadilifu wake huo. Watu wakapiga makofi, na Bi Mastura naye akapiga.

Sasa mama huyo huyo alikuwa anajipikia peke yake. Alasiri moja Asmahani akachoka kumeza maneno, akaenda kukaa karibu na lile jiko.

"Mama, kama nimekukosea niambie."

"Hujanikosea."

"Basi chakula changu kina nini?"

Bi Mastura alikuwa anachambua kunde kwenye ungo, na hakuacha kuchambua. "Darsani tumesomeshwa, samaki angali baharini hauzwi. Muuzaji hamjui, mnunuzi hamjui. Wewe unauza bahasha imefungwa. Mtu anatoa pesa yake, hajui anachonunua."

"Anajua. Ananunua kadi."

"Ananunua tamaa, mwanangu."

"Mamangu, ni mchezo tu. Hata biskuti huzioni mpaka ufungue."

"Biskuti zote sawasawa."

Asmahani akapandwa na hasira. Alikuwa amejinyima hata kadi aliyoichora mwenyewe ili asiambiwe ana upendeleo, na bado anaitwa muuza tamaa. "Mbona siku ya kwanza hukusema, mama? Ulipiga makofi."

"Siku ya kwanza sikujua," alisema Bi Mastura, akanyanyuka na ungo wake.

Kesho yake akaja Uweso, fundi baiskeli wa pale kwenye kona. Huyu ndiye mtu pekee wa Makorora aliyebahatika kupata silikanti, na aliitangaza bahati hiyo mpaka kwa wateja waliokuja kujaza upepo tu. Alimpa Bi Mastura shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamgeukia Asmahani na uso wa mtu aliyefiwa.

"Dada Asma, watu hawachezi na mimi."

"Kwa nini?"

"Nikikaa barazani wananyanyuka. Wanasema Uweso kaja na silikanti wake, heri tukalale."

"Basi muache nyumbani."

"Nikimuacha wanasema nawadharau, ati nawachezea kwa mkono wa kushoto."

Asmahani alijizuia asicheke. "Unataka nimchape tena, kila mtu awe naye?"

"Hasha! Uliapa. Mimi nibaki na nini? Kadi yangu itakuwa kama ya yeyote."

"Sasa unataka nifanye nini, Uweso?"

"Ningejua ningekuja?" alisema Uweso, akaenda zake akikokota baiskeli ya watu.

Maneno yale mawili, ya mama na ya fundi, yalimkaa Asmahani kichwani. Akaamua kwenda kwa Kristofa kuona jinsi bahasha zinavyouzwa. Kristofa ni mtu wa milimani, Mlutheri, ameishi na Waswahili wa Makorora mpaka anajua nani hali kwa nani. Alimkaribisha Asmahani kwa soda, akamuuliza habari za nyumbani.

"Na mama je? Siku hizi simuoni kabisa."

"Kwani alikuwa anapita hapa?"

Kristofa akashangaa. "Dada, yule ndiye aliyekuwa mteja wangu wa bahasha. Mimi nilidhani unamtuma wewe, aje kunipeleleza."

Akainama chini ya kaunta akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlijaa kadi: dagaa, vibua, changu, tasi, na dagaa tena.

"Alikuwa anakuja baada ya alasiri," alisema Kristofa. "Anakaa kwenye lile benchi, anafungua bahasha kwa ukucha, taratibu, asiichane. Anatazama. Kisha ananiachia, ananiambia nigawie watoto. Mwanzo alikuwa anachukua moja. Siku ya mwisho alifungua nyingi mfululizo, nyingine anazichana. Nikamwambia, mama, leo pumzika. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema astaghafirullahi, akaondoka. Hajarudi tena."

Asmahani aliuliza ilikuwa lini. Ilikuwa ile jioni ya kuamkia siku ambayo jiko la mkaa lilitolewa uvunguni.

Aliketi kwenye benchi lile lile na kopo mapajani. Soda hakuinywa. Alielewa mama yake alikuwa anamtafuta nani ndani ya zile bahasha, na akaona haya, haya yenyewe ya kutamani ardhi ipasuke. Yeye ndiye aliyemchukua Rama kutoka kinywani mwa mkewe, akamfungia ndani ya karatasi za kaki, akamuuzia mkewe kwa kubahatisha. Na wali aliokuwa akimfunikia kila mchana ulitokana na pesa hizo hizo.

Hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, wala kurudi na maneno. Akapitia sokoni, akanunua utungo wa changu, samaki wamepitishwa ukili wa mkindu mdomoni, akaubeba ukining'inia mkononi. Njiani watu watatu walimsimamisha, kila mmoja akawatazama samaki na kutoa maoni yake bila kuombwa. Huyu wa juu mnene. Hawa wa kati wa kukaanga. Asmahani akawa anaitikia, na huku anautazama ule utungo kama hajapata kuuona maishani.

Nyumbani Bi Mastura aliupokea, akaugeuza huku na huku, akafunua mashavu ya samaki mmoja mmoja.

"Wazuri. Ila huyu wa mwisho macho yamelegea, amekaa."

"Mama, kuuza hivi kuna ubaya?"

"Ubaya gani? Si wote nawaona, mpaka huyo wa macho mabovu."

"Na mtu aliyeapa, kisha akaona alichoapia hakina kheri?"

"Anavunja, anatoa kafara. Analisha masikini kumi, anafanya lililo bora." Bi Mastura aliinua uso. "Umeapia nini tena?"

"Nataka kumchapa baba."

Bi Mastura akaushusha utungo kwenye sinia. Akajifuta magamba vidoleni kwa upindo wa kanga.

"Kristofa ana mdomo," alisema.

"Ungeniomba, mama. Hata moja."

"Uliapa mbele ya watu. Mimi mamako ndiye nikuvunjishe kiapo?" Kisha sauti ikashuka. "Nilitaka kumuona babako tu. Bahasha ya kwanza, dagaa. Nikasema labda ya pili. Ikawa nikiswali naiwaza bahasha ya kesho. Mimi, Asma, ambaye hata karata sijawahi kushika. Na mwisho hata yeye nikawa simtafuti. Nataka kufungua tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikila wali wako nawaona wenzangu wote waliokaa kwenye benchi lile, kila mtu na lake analolitafuta, na bado wanafungua tu."

Asmahani alilia, na mama yake akamwacha alie, kwa kuwa lilikuwa jambo la kulia.

Kadi mpya zilichapwa, silikanti miongoni mwao, tele. Bahasha hazikuwepo tena. Uweso aliombwa kitoboleo chake cha ngozi, kile cha kutobolea matandiko ya baiskeli, na akaja mwenyewe kusaidia. Walikaa uani wakatoboa kila kadi tundu moja kwenye pembe, karibu na mdomo wa samaki, wakazipitisha ukili na kupiga fundo. Kila utungo ulikuwa na wadogo, wa kiasi na wakubwa, wote macho nje, na mtu akitaka mmoja tu anafunguliwa huyo mmoja. Pale dukani zilining'inizwa msumarini juu ya kaunta.

Uweso ndiye aliyegundua jambo jingine, katikati ya kazi. Alisimamisha mkono hewani.

"Dada Asma. Yangu haina tundu."

"Haina."

"Kwa hiyo mtu akiiona atajua ni ya mwanzo."

"Atajua, na hakuna atakayeliziba tundu, kadi yake ikaonekana kama yako."

Uweso akatoboa zilizobaki kwa kasi ya ajabu. Jioni hiyo alikwenda barazani, akatupa silikanti wake, na mwenziwe akatupa wa kwake mwenye tundu. Sare. Hakuna aliyenyanyuka. Inasemekana alirudi kwake akiimba.

Wapo walionung'unika. Wengine walisema utamu wa mchezo umekwisha, na Kristofa hakumficha Asmahani kwamba bahasha zilikuwa zikitoka haraka zaidi. Asmahani alisikiliza yote akasema ndivyo itakavyokuwa.

Kafara aliipika kwa pesa ya bango la duka la dawa, isiyo na shaka yoyote. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na maharage. Masinia yalipokwisha kupelekwa kwa masikini wenyewe, ua ukatulia, na Asmahani akaona mlango wa mbele unafunguliwa. Ni Bi Mastura, anatoka kwa Kristofa. Alikuwa amekwenda kununua utungo kwa pesa yake mwenyewe, na Kristofa alipotaka kumpa bure alikataa katakata.

Akakaa mkekani, akalegeza fundo, akamtoa silikanti peke yake, akawafunga wengine upya. Alimtazama Rama kwa muda mrefu, akimsogeza karibu na kumpeleka mbali, maana macho yake nayo si ya jana.

"Umemnenepesha," alisema.

"Wewe ndiye uliyesema ana mwili."

"Nilisema ana nguvu. Sikusema ana kitambi."

Akaiegemeza kadi kwenye bilauri ya maji, ikamwelekea. Jiko la mkaa lilikuwa bado uani, baridi, na hakulitazama. Akanawa, akakunja mkono wa kulia wa gauni lake, akaisukuma sahani tupu kwa mwanawe.

"Nipakulie," alisema. "Na ukoko usinisahau."