Chefe Bado Yuko Kitini

Maneno mekundu yalitanda tena kwenye televisheni: Morreste. Umekufa. Khairiya alikuwa amevaa nguo nyeupe toka utosini hadi miguuni, hana wanja wala hina, na hata mafuta yenye harufu alikuwa amekatazwa. Aliisoma habari ya kifo chake, akaitupa pedi ya kuchezea mchezo juu ya mkeka.

"Nimejua!" aliiambia televisheni. "Nimejua kwamba nimekufa. Huna jingine la kusema?"

Televisheni haikuwa na jingine. Ilimrudisha ilikomrudisha siku zote, kwenye taa ndogo ya mafuta kando ya kinamasi. Kutoka kwenye taa ile hadi ukumbini kulikuwa na tope, mbwa wenye njaa, daraja bovu ambalo halivukiki ila kwa kuruka, na mlango wa shaba uliofunguka taratibu kama karani aliyetoka kula. Ndani ya ukumbi ndimo alimokaa Chefe, jitu la chuma lililoshika kutu, rungu mkononi, mnyororo mnene umelizunguka kiunoni na ncha yake imelala sakafuni. Jina la Chefe, yaani bosi, alipewa na Suleimane, marehemu mume wa Khairiya, pamoja na mdogo wake Saide, kwa sababu alikaa kitini kama wakubwa wa ofisini, na kila aliyemwendea na shida yake alirudishwa alikotoka.

"Amekushinda tena?" aliuliza Bi Rachida, mama mkwe wake, aliyeketi karibu na mlango wa chumba akisuka ukili.

"Kaniponda, mama."

"Huyo naye hafi?"

"Hafi."

"Basi mwache, mwanangu. Waliokufa wanatutosha."

Khairiya aliiokota pedi. Asingeweza kumwacha, na sababu yake ilikuwa ya kipuuzi kiasi kwamba aliona haya kuisema. Mashine ile ya michezo Suleimane aliinunua kwa Mreno mmoja wa kambi ya gesi aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku ilipoingia katika nyumba yao ya Palma, Khairiya aliipa jina la mke mwenza. Mume akitoka kazini huoga, hula, husifu mchuzi, kisha huyo, kwa bi mdogo. Angekuwa mlevi, au mtu wa kuzurura, wazee wangeitwa wakakaa naye kikao. Lakini utamshitaki vipi mume kwa kosa la kukaa nyumbani?

Asubuhi ya siku aliyokufa, Suleimane alisimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi, akaapa. "Leo jioni namwangusha Chefe. Nikishamwangusha, mashine naifungia sandukuni, nakutobolea lile dirisha la jikoni." Khairiya alimjibu kwamba habari za dirisha hilo amezisikia tangu mvua za mwaka juzi. Hawakuzungumza tena. Yaliyofuata, ya lori na pikipiki kwenye barabara ya Mute, alikuja kusimuliwa na wanaume waliosimama uani bila kumtazama usoni.

Ndivyo wake wenza wawili walivyojikuta wakikaa eda moja, chumba kimoja. Wakubwa walikwisha kukubaliana: eda ikimalizika, Khairiya atavuka Ruvuma kurudi kwa wazazi wake Mtwara, na mashine itachukuliwa na Saide. Hakuna aliyebishana, hata yeye. Lakini siku moja, katikati ya eda, hasira zilimpanda akaiwasha, ili aone ni kitu gani hasa kilichokuwa kikimnyang'anya mume kila jioni. Alimkuta shujaa wa Suleimane amesimama kando ya taa, pale pale mwenyewe alipomwacha, mkuki begani, anasubiri. Tangu hapo Khairiya aliweka nadhiri moyoni kwamba hatatoka edani akamwacha Chefe amekaa kitini. Saide akiichukua mashine kabla ya hapo, ahadi ya asubuhi ile itabaki njiani milele, nusu imesemwa, nusu imelala barabarani Mute.

Sasa eda ilikuwa imebaki siku chache, na Chefe hata kukunja uso hakukunja.

Tatizo la kwanza lilikuwa maandalizi ya marehemu. Khairiya alipofungua mkoba wa shujaa alikuta mikuki, mashoka, panga za kila namna, kofia za chuma za kumtosha mtu mwenye vichwa vitatu, na dawa hata chupa moja hakuna. Alicheka kwa uchungu. Huyu ndiye Suleimane hasa, mtu wa kutumwa chumvi dukani akarudi na bisibisi. Basi mjane akamwacha Chefe kwanza, akaingia kinamasini kuchuma mizizi. Alipika dawa, akampelekea mhunzi ngao, akawafuata mbwa mmoja mmoja mpaka akajua yupi hung'ata na yupi hubweka tu. Mwali haandaliwi vile. Siku aliyorudi ukumbini na mkoba uliojaa dawa, Chefe alimpiga dafrao moja tu, na chupa zote zikabaki hazijafunguliwa.

Siku nyingine alilifikisha jitu lile nusu ya uhai wake, umeme ukakatika. Ukelele alioupiga uliwaleta majirani mbio, kila mmoja akidhani umekuja msiba mwingine, na Bi Rachida ikambidi asimame uani kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa, au tuseme aliyekufa amezoea.

Saide alikuwa akija kila siku baada ya swala ya alasiri kumwamkia mama yake. Kwa kuwa shemeji si maharimu, na mwenye eda haonekani ovyo, alikaa kwenye kigoda sebuleni, ng'ambo ya pazia, akanywa chai na kutoa utani wake kutoka huko.

"Shemeji, nasikia Chefe anakulaza mapema."

"Kamlaza na kaka yako aliyekuwa na misuli," Khairiya alijibu. "Weye umemfanya nini?"

"Mimi? Epá! Mimi nilimwangusha zamani, Mocímboa, kwa rafiki yangu Hassane. Kelele zetu hazikumwacha mtu alale mtaa mzima."

Khairiya aligeuka akalitazama pazia. "Umemwangusha, na siku zote hizi unakunywa chai tu hapo? Nielekeze!"

"Nitakuelekezaje nami sioni? Labda mama anisimulie."

Bi Rachida aliacha kusuka, akasogea na ukili wake mbele ya televisheni, akalitazama pambano kwa makini ya mtu anayemchagulia mwanawe mchumba.

"Limesimama," alitangaza. "Limeinua mkono."

"Mkono gani, mama? Wa kulia?"

"Kulia kwangu au kulia kwake?"

"Kulia kwake, mama, haraka!"

"Hapana haja tena. Mtoto kashaanguka."

Morreste. Khairiya alifunika uso kwa mtandio, hajui acheke au alie. Ng'ambo ya pazia Saide alikuwa akigonga kigoda kwa kiganja.

"Hivi haitufikishi popote. Shemeji, weka sauti. Mbona sisikii kitu? Nikisikia tu nitajua yuko wapi na anataka kufanya nini."

Bi Rachida aliinama akaanza kuutafuta ukili wake ambao alikuwa ameukalia.

Katika nyumba ile mchezo haukuwa na sauti. Mwaka ule wa kukimbia, mji uliposhambuliwa, walikuwa wamelala mwituni wakisikiliza milio ya bunduki iliyotoka mjini, na waliporudi Khairiya alirudi nayo masikioni. Kifuniko cha sufuria kikianguka, alikuwa keshafika uani kabla hakijatulia. Siku ya kwanza Suleimane alipoiwasha mashine, kitu kililipuka ndani ya mchezo. Alimkuta mkewe nyuma ya pipa la maji, amejikunja. Khairiya alimwambia neno moja: "Sitaki milio ndani ya nyumba yangu." Suleimane hakubisha. Alichukua rimoti, akateremsha sauti hadi sifuri, na haikupanda tena. Jambo hilo Khairiya alilijua kama ajuavyo njia ya kisimani, na hakuwa amelifikiria hata siku moja.

"Kaka yako alikuwa akicheza bila sauti," alisema.

"Hapa? Na Chefe?" Sauti ya Saide ilipungua utani. "Siku zote?"

"Siku zote."

Saide aliweka kikombe chini. "Mimi nilimwambia, shemeji. Nilipomshinda Chefe nilimpigia simu, nikamcheka. Nikamwambia, kaka, huna masikio? Mnyororo ndio unaosema kila kitu. Ukikwaruza sakafu, anapiga chini. Ukinyamaza kabisa, ruka, anakuja juu. Kwa macho humwezi, ana hila." Akagonga kigoda tena, polepole. "Kaka akacheka tu. Akasema, 'Haya, nimekusikia.' Nikadhani mvivu wa kujifunza."

Khairiya aliizima televisheni. Alimwambia mama mkwe wake kwamba kichwa kinamuuma, na kilikuwa kinamuuma kweli.

Siku ile na usiku wake alimkasirikia Suleimane kuliko alivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Mwanamume gani huyu? Alikijua kilichokuwa kikimshinda. Kidole kimoja juu ya rimoti kingemtosha, naye kila jioni akakaa akauawa kimyakimya, mgongo ameugeuzia mlango, huku mkewe yuko jikoni anamlalamikia bi mdogo kwa mashoga zake. Angalau angeomba! Angesema, mke wangu, nataka sauti kidogo, leo tu. Khairiya angemjibu nini? Angekataa. Alijua angekataa, na Suleimane alijua, ndiyo maana hakuomba. Alilia mpaka mtandio ukalowa, akamwita mjinga, mkaidi, akamwita na majina mengine aliyokuwa akimwita wakiwa wawili tu.

Siku ya mwisho ya eda, Saide alifika na kigunia cha kubebea mashine. Alikiacha mlangoni, akaketi. Khairiya alimsikia akiikubali chai, lakini hakumsikia akiinywa.

"Shemeji," alimwita kutoka ndani. "Upo?"

"Nipo."

"Usiondoke."

Alichukua rimoti. Aliweka kidole juu ya kitufe kana kwamba kitufe kile ndicho kilichoushikilia mji mzima. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Maji yalianza kudondoka mahali fulani kinamasini, tone, tone, na mbwa wa kwanza akakoroma. Bi Rachida alijivuta juu ya mkeka hadi bega lake likagusa bega la mkwewe, akabaki hapo.

Chefe alisimama, rungu lake likatua, na kishindo kikajaa chumba. Khairiya aliidondosha pedi, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma hadi uani. Alisimama nyuma ya lile pipa la maji, akavuta pumzi, akahesabu mashina ya mihogo ya jirani mpaka yakaisha. Aliporudi, maneno mekundu yalikuwa yakimngoja.

"Tuache, shemeji?" Saide aliuliza kwa upole.

"Nani kasema tuache?"

Alivuka tope. Aliwapita mbwa. Aliruka daraja bovu na kuusukuma mlango wa shaba, na safari hii, kabla hata jitu halijaonekana vizuri, alisikia mnyororo ukijikokota juu ya jiwe.

"Anakwaruza!" Saide alipaza sauti. "Rudi nyuma!"

Alirudi nyuma. Rungu lilipiga sakafu tupu.

"Anakwaruza tena. Rudi... sasa mpige, mpige! Kanyamaza! Ruka, shemeji, ruka!"

Aliruka. Kila kishindo kilimpita mwilini kuanzia kichwani mpaka unyayoni, na kila kishindo kilipopita alikuta bado amekaa mkekani, bega la mama mkwe bado liko pale, ukuta haujaanguka. Alikunywa dawa zake alizozipika mwenyewe. Aliutumia mkuki wa Suleimane, ule alioukuta begani mwa shujaa siku ya kwanza. Mnyororo ukaanza kumzungumzia mapema, kabla ya Saide, na yeye akawa anaondoka mahali ambapo rungu lilikuwa halijafikiria kwenda.

"Kanyamaza, she..."

"Nimesikia."

"Ana..."

"Nimesikia, baba, nyamaza wewe!"

Bi Rachida alikuwa amemshika goti na kulibana, midomo ikisoma kitu. Chefe aliyumba. Akapiga goti. Mnyororo ulikatika kiunoni mwake, ukamwagika sakafuni pete baada ya pete, kwa muda mrefu, na pete ya mwisho ilipolala, kiti kule nyuma kilikuwa kitupu.

Maneno mekundu hayakuja. Paa la ukumbi lilikuwa limepasuka, na kwa mwanya ule mvua nyembamba ilianza kunyesha juu ya sakafu. Vyura walianza mmoja mmoja, kisha wote. Kwa mbali mtu alikuwa akiimba, mwanamke, wimbo usio na maneno, sauti yake ndogo mno hivi kwamba ilibidi uzuie pumzi ndipo uipate. Hata kama Suleimane angemshinda Chefe, haya asingeyasikia. Angeiona mvua tu.

"Shemeji?" Saide aliita ng'ambo ya pazia. "Mbona kimya? Umekufa tena?"

Khairiya aliifuta pua kwa ncha ya mtandio mweupe, akachukua rimoti, akaongeza sauti.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nasikiliza."