Msitu wa Kukaa Tu

Usingizi unamchukua Bibi Naetwe kwenye benchi la ofisi ya kijiji, saa nane mchana, mkutano ukisubiri watu watimie, na shoga yake Namkunda anamsogezea bega ili kichwa kisianguke. Leo kijiji kinaamua kama msitu wa juu ufungwe kwa uzio. Walipita wageni nyumba kwa nyumba na fomu, wakauliza mnakwenda msituni kufanya nini, na wanawake wote wakajibu kuni, maana mwanamke wa milimani hawezi kumwambia mgeni kwamba anakwenda kupumzika. Ataonekana mvivu. Basi ikaandikwa kuni, na kuni, wakasema wageni, mnaweza kupanda nyuma ya nyumba.

Benchi linageuka njia, njia inapanda, inajikunja, inapanda tena kutoka pale pale ilipoanzia. Bibi anafika mji wenye kuta zing'aazo kama maji ya mtungini, na ndani ya kila ukuta kuna msitu, na ndani ya msitu hakuna mtu. Langoni amesimama kiumbe asiye na uso, fomu mkononi. Shikamoo, bibi. Marahaba, mwanangu, nipishe, nina mkutano. Utapita kwa neno la kweli. Unakwenda msituni kufanya nini? Kuni, anasema Bibi, na nyuma yake njia moja kati ya nne inajifunga. Dawa ya kikohozi. Ya pili inajifunga. Maji basi, ya chemchemi. Ya tatu. Imebaki moja, nyembamba kama kamba ya mbuzi. Nakutegea kitendawili, anasema asiye na uso: kiti hakina mwenyewe, na anayekikalia haulizwi kitu.

Kiti hicho Bibi anakijua. Ni gogo la mti wa mkulo lililoanguka msituni. Matanga ya mumewe yalipokwisha, wanawake walimpandisha huko, kama wanavyompandisha kila mjane, wakakaa naye kimya siku tatu, Namkunda akimfukuzia siafu miguuni, mpaka mwenyewe akasema, jamani, nina njaa. Tangu hapo hupanda kila Jumatano, panga mkononi kwa kuzuga watu.

Usiseme, wewe, zinanong'ona kuta kwa sauti za shoga zake, utatuaibisha, watasema hatuna kazi. Kamba ya njia inazidi kukonda.

Nakwenda kukaa tu, anasema Bibi. Nakaa, nasikiliza ndege, narudi nyumbani nikiwa mtu.

Anafumbua macho. Amesimama, mkono juu, ofisi imejaa, na wote wanamtazama. Endelea, mama, anasema mwenyekiti, kalamu ikiwa hewani. Nyuso zote zina macho, lakini ukuta unang'aa mno, na nje ya dirisha njia inapanda, inajikunja. Hajui neno lake amelisemea huku au kule. Basi analisema tena, kwa sauti zaidi.

Namkunda anainuka taratibu, anajifunga kanga vizuri. Hata mimi, mwenyekiti. Kuni zangu siku zote nanunua.