Mnyonya Mafuta

Vifungo vya koti la kaki vilikuwa vinne, na asubuhi ile Stambuli alishindwa hata na cha kwanza. Vidole vilikikaribia, vikakipita, vikarudi vikagonga kifua. Mkewe, Pili, alimtazama mpaka akachoka kutazama, akaweka chini bakuli la uji, akavifunga vyote. Kisha akamnywesha uji kwa kijiko, maana bakuli likikaa mikononi mwa Stambuli nusu ya uji huishia mapajani.

"Nanuka," Stambuli alisema.

"Unanuka, ndiyo. Mjomba kasema usioge mpaka urudi."

"Na sala je? Leo sikuswali alfajiri."

"Mungu anakujua, Baba Mwaisha. Daktari ndiye hakujui."

Jana yake alasiri Mjomba Mkude, kaka wa mama yake na mkubwa wa ukoo, alimkalisha kwenye makaburi ya wazee wao, akajaza kinywa pombe ya mtama, akampulizia usoni, kifuani na mgongoni. Ndivyo ukoo wao ulivyomsindikiza mtu anayekwenda kwenye shauri zito. Anuke kwao, wazee wamtambue, wamtangulie njiani. Stambuli alisilimu jeshini, miaka sita sasa, na tangu siku hiyo tone la pombe halikupita kooni mwake. Alifumba mdomo akavumilia. Mgonjwa haulizwi uji, na nyumba aliyolala na shamba alilolima mkewe vyote vilikuwa vya ukoo huohuo.

Shauri lenyewe lilikuwa cheti. Karatasi ndogo tu, yenye mhuri wa tai. Askari aliyeharibika mwili akiwa kazini alipewa hicho cheti na daktari wa jeshi, akarudi kwao, na akida hakumgusa tena. Asiyekuwa nacho alikusanywa na wenzake kama kuni. Waingereza walikwisha fika mto Wami, Wajerumani walikuwa wanafunga virago Morogoro nzima waelekee kusini, na kila mwanamume aliyeweza kusimama alihesabiwa mpagazi. Waliobebeshwa mizigo mwezi wa nne hakurudi hata mmoja. Pili alilijua hilo vizuri, kwani kaka yake alikuwa miongoni mwao.

Waliteremka polepole. Kutoka kijijini kwao juu ya Bigwa mpaka mjini ni mwendo ambao zamani Stambuli aliumaliza jua halijatoka vizuri. Sasa alisimama kila penye jiwe. Miguu haikumwambia ilipokanyaga, ikabidi aiangalie, na akiiangalia alikohoa, na akikohoa Pili alimshika kiunoni. Wanawake waliopanda na vikapu vyao vitupu kutoka sokoni waliwapisha. Mmoja alivuta hewa puani, akacheka.

"Mapema hivi, shemeji!"

Pili alitaka kumjibu. Stambuli akamvuta mkono.

Jeshini alikuwa mpiga tarumbeta. Kampuni nzima iliamka kwa pumzi zake, ikala kwa pumzi zake, ikalala. Pumzi hizo ndizo zilizomponza. Meli za Ulaya zilikuwa hazifiki tena, bahari imefungwa na Mwingereza, basi Wajerumani wakaanza kupika mafuta ya motokaa kutokana na nazi, kwenye banda moja karibu na stesheni. Pampu ya kuyatoa kwenye mapipa ikaharibika, na pampu nyingine haikuwapo. Sajini wa banda, ambaye watu walimwita Bwana Fundi, akaja kwenye gwaride, akawapita askari mmoja mmoja akiwagonga vifua, akasimama mbele ya mpiga tarumbeta.

"Wewe una pumzi," akasema. "Njoo."

Kazi ilikuwa kuingiza mpira kwenye pipa, kuvuta kwa mdomo mpaka mafuta yaje, kisha kuushusha haraka kwenye debe. Haraka hiyo haikuwa haraka kila siku. Mapipa thelathini kwa siku, arobaini, na katika kila pipa funda moja au mawili yalipata njia. Mwezi wa kwanza midomo ilibabuka. Wa tatu alianza kusahau majina ya watu. Mwaka ulipotimia mikono ilikataa kutulia hata usingizini, na Bwana Fundi alipoona debe limemwagika mara mbili akamfukuza kwenda kwao, bila karatasi.

Hospitali ya jeshi ilikuwa na baraza refu. Chini yake walikaa watu kama ishirini, na ndani makarani walikuwa wanatia chupa kwenye masanduku. Tabibu msaidizi, Alois, kijana wa misheni ya Matombo, aliwaona akaja mbio.

"Shikamoo, kaka Stambuli."

"Marahaba. Nimekuja, Alois. Uliniambia nije kabla hawajahama."

"Umefanya vizuri. Mimi ndiye niliyekupaka dawa midomo mwaka jana, nitasema hivyo akiniuliza." Akasogea, kisha akarudi nyuma hatua moja. Uso ukambadilika. "Kaka. Umekunywa?"

"Nimepulizwa. Mjomba."

Alois alielewa mara moja, maana naye alizaliwa huko huko milimani kabla mapadri hawajampa jina. Akatazama mlangoni, akatazama kisima upande wa pili wa uwanja.

"Nenda kanawe. Vua koti. Upesi!"

Stambuli alisita. Akamgeukia Pili, na Pili naye alisita, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Walikuwa wameambiwa mpaka arudi. Mtu akijiosha katikati ya safari anawafukuza wazee aliowaita mwenyewe, na wazee wakifukuzwa hawaondoki mikono mitupu. Mwaisha, mtoto wao, alikuwa na homa huko nyumbani.

"Usioge," Pili alisema. "Mwambie daktari ni desturi. Si ana masikio?"

Jina likaitwa.

Daktari alikuwa mzee mwembamba aliyejua Kiswahili cha kuamrisha. Hakuinua kichwa. Alimwambia Stambuli anyooshe mikono, ikanyooka ikicheza. Alimwambia afumbe macho asimame wima, akayumba mpaka Alois akamdaka. Alimwambia atoe ulimi. Ndipo daktari alipoinama karibu, na pua yake ikatulia.

"Tangu lini unakunywa?"

"Sinywi, bwana mkubwa. Mimi Mwislamu."

"Nasikia harufu."

"Ni desturi yetu, bwana. Mjomba wangu amenipulizia, dua ya safari. Haikuingia mdomoni."

"Mjomba anakunywa, wewe unanuka." Daktari alicheka kidogo, peke yake. "Na mikono, mjomba ndiye anayeitetemesha?"

"Mafuta, bwana. Nilikuwa nanyonya mafuta ya motokaa kule bandani. Mwaka mmoja."

"Bwana Daktari," Alois akasema, "mwaka jana mimi mwenyewe nilim..."

"Nimekuuliza wewe?"

 Alois akaokota bandeji sakafuni, akaanza kuikunja, na bandeji ilikuwa imekwisha kunjwa.

Daktari sasa aliweka kalamu juu ya karatasi kama mtu aliye tayari kuandika, na sauti ikawa laini. Stambuli akapata tumaini. Lazima lisemwe hilo, kwamba alipata tumaini, akasogea mbele.

"Mafuta yaliingia tumboni?"

"Yaliingia, bwana. Kila siku."

"Uliyameza."

"Ndiyo, bwana. Huwezi kuvuta usimeze."

"Mafuta ya vita. Ya Kaisari. Askari wengine wanateseka barabarani kwa sababu gari halina mafuta, na wewe uliyameza."

 Stambuli aliona amekanyaga mtego, lakini hakujua mguu upi.

"Mlikuwa wangapi kwenye kazi hiyo?" daktari akauliza.

"Sita, bwana. Wawili wamekufa. Watatu wangali bandani."

"Nao wanatetemeka?"

"Wanatetemeka, bwana."

"Nao wanataka cheti?"

"Wakisikia nimepata, watakuja, bwana mkubwa."

 Nje mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye sanduku. Kisha daktari akaandika maneno machache ya Kijerumani, akapiga mhuri wa tai, ule ule aliouota Stambuli, akampa Alois karatasi pasipo kumtazama.

"Tafsiri."

Alois aliisoma karatasi mara mbili.

"Imeandikwa kwamba mwili mzima. Imeandikwa mlevi. Anafaa kubeba. Na hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuja mbele ya afisa amelewa."

Pili alisikia kutoka barazani, maana mlango ulikuwa wazi. Alipiga magoti pale pale kizingitini.

"Bwana mkubwa, mimi ndiye niliyemkataza kuoga! Nipigeni mimi. Maji yalikuwapo, mimi ndiye niliyesema asioge!"

"Huyu mwanamke anasema nini?"

"Anaomba radhi, bwana," Alois alisema.

Walimlaza nyuma ya jiko. Askari aliyeshika kiboko alikuwa wa kampuni yake ya zamani, mtu aliyeamshwa na tarumbeta lake miaka mitatu, na alimpiga kwa haki kabisa, hakupunguza wala hakuzidisha. Stambuli hakulia. Alihesabu kwa sauti kama sheria ilivyotaka, na alipofika kumi na nne akasahau kinachofuata. Akarudia kumi na nne. Kiboko kikasubiri. Akarudia tena, na yule askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamnong'oneza, "Kumi na tano, ndugu yangu. Sema kumi na tano."

Baadaye Alois aliwafuata ukutani, akiwa na kibuyu cha maji na mafuta ya kupaka. Alimpaka mgongoni huku akitazama mlangoni.

"Ningesema zaidi," alisema, "ningekuwa kwenye foleni ya mizigo pamoja nawe."

"Najua," Stambuli alisema.

"Lakini ni kweli. Nilikupaka dawa. Nayajua majina ya wale wawili waliokufa."

"Basi yaweke," Pili alisema kwa uchungu. "Yaweke vizuri, yasipate vumbi."

 Alois alimaliza kupaka, akafunika kibuyu, akaingia ndani kupanga chupa.

Wapagazi walipangwa kwenye uwanja wa stesheni mchana uleule, mamia yao, wa Mwembesongo na wa Mikese na wa milimani, kila mmoja na kipande cha bati shingoni chenye namba. Stambuli alipewa bati lake. Nyapara, mtu wa pwani mwenye kanzu iliyokatwa magotini, alisoma karatasi ya daktari kichwa chini miguu juu, akaona mhuri, akaridhika.

"Mzima. Chukua debe."

Madebe yalikuwa yametoka bandani. Stambuli aliyajua kabla hajayaona. Alichuchumaa, wenzake wakamtwisha, akasimama, akapiga hatua tatu. Debe likaanguka. Walimtwisha tena, likaanguka tena, na safari hii kifuniko kikalegea na mafuta yakaanza kutoka kidogo kidogo ukingoni. Nyapara akapiga kelele.

"Haya mali ya serikali! Unataka nikatwe kichwa mimi?"

"Mikono haishiki, bwana nyapara."

"Karatasi inasema inashika."

"Nitabeba mimi," Pili alisema.

Nyapara alimgeukia. Alimpima kwa macho kuanzia miguuni, kama mtu anavyompima ng'ombe wa mwenzake.

"Wewe huna namba."

"Yake si ipo?"

Nyapara alifikiri. Madebe yalihesabiwa kwa namba, na namba zilihesabiwa na Mjerumani kule mbele, na Mjerumani hakuhesabu nyuso. Akainua mkono, akavua bati shingoni mwa Stambuli, akalivika shingoni mwa Pili.

"Mwaisha je?" Stambuli alisema. "Pili. Mtoto ana homa."

"Yuko kwa mama. Nitarudi."

"Hawarudi, Pili! Kaka yako..."

"Nyamaza, Baba Mwaisha. Watu wanasikia."

Alikunja kanga akaiweka kichwani, akatwishwa, akatulia chini ya debe, na hakuyumba.

"Na huyu?" mpagazi wa nyuma akauliza, akimwonyesha Stambuli kwa kidevu.

"Huyo mlevi tu," nyapara alisema. "Akitaka afuate, asipotaka akalale."

Mstari ukaondoka kuelekea kusini. Kwa mbali upande wa Wami kulisikika mzinga, na hakuna aliyegeuka. Stambuli alitembea nyuma ya mkewe akiiangalia miguu yake mwenyewe, mikono mitupu ikicheza pembeni. Alipoinua macho aliona kanga imelowa. Mafuta yalikuwa yanashuka kutoka kwenye kifuniko, yanapita sikioni, yanafuata shavu. Pili hakuweza kuyafuta, mikono yote miwili imeshika debe. Aliinamisha uso upande mmoja, akatoa ulimi, akayalamba yalipofika pembeni mwa mdomo.

"Usilambe!" Stambuli akaita. "Pili, tema! Tema!"

Kikohozi kikamkata. Watu kadhaa waligeuka kumtazama, wakacheka.