Mpaka Fainali Iishe

Mkojo wa Fardan ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Jubaidah aliinua chupa akaitazama juani, kisha akaishusha akaitazama tena kwenye kivuli cha turubai, maana jua la pale uwanjani lilikuwa linabadilisha rangi ya kila kitu. Rangi ilikuwa ileile.

"Umekunywa nini tangu asubuhi?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Na soda ya Haji. Ile nyekundu." Mtoto alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, magoti ameyavuta hadi kifuani. "Labda ni soda, bibi."

"Labda," alisema Jubaidah. Aliweka mkono wake juu ya tumbo la mtoto, chini kidogo ya mbavu, polepole, jinsi mtu anavyopima kama chungu bado cha moto. Fardan alishika kidole chake akakiondoa pale. Hakulia. Alikuwa na miaka minane, na tangu alipoanza kupanda farasi alikuwa ameacha kulia mbele za watu.

Aliumia baada ya mbio za mchujo. Farasi wake, Kilat, alikuwa amekwisha kuvuka mstari, wa kwanza, mbele sana, na watu walikuwa wameanza kushangilia, ndipo yule farasi alipokwepa kitu na kumbamiza mtoto kwenye ubao wa uzio. Fardan alianguka, akasimama mwenyewe, akajipangusa vumbi. Uwanja mzima ulimpigia makofi. "Huyo ndiye kijana wa hapa kwetu Bima!" mtangazaji alipiga kelele kwenye spika. "Huo ndio urithi wetu, mabibi na mabwana! Tuwatie moyo vijana wetu!"

Mama mmoja aliyekuwa akitunza farasi wa kundi pinzani alikuja na kitambaa kilicholowa maji baridi, akamfuta Fardan uso, akaondoka bila kuuliza chochote. Jubaidah hakuwahi hata kumshukuru.

Sasa mchana ulikuwa umeinama, na zilibaki mbio chache tu kabla ya fainali. Jubaidah alimwachia muuza vitafunio wa jirani kikapu chake cha wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba, akambeba mjukuu mgongoni kwa kitenge. Alikuwa mwepesi mno. Wapanda farasi wote walikuwa wepesi. Ndiyo maana walichukuliwa wakiwa wadogo hivyo.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa karibu na jukwaa la wakubwa, milango ya nyuma wazi. Muuguzi wake alikuwa kijana aitwaye Wahyu, wa zahanati ya tarafa. Alimlaza Fardan kwenye kitanda cha gari, akambonyeza tumbo, akaitazama ile chupa. Uso wake ulibadilika akajaribu kuuficha.

"Bibi, huyu lazima afike hospitali ya mjini. Leo hii. Kuna kitu kimeumia ndani, figo au bandama, mimi hapa siwezi kuona. Wanatakiwa wampige picha."

"Basi twende, mwanangu. Gari si hili hapa?"

Wahyu alimtazama dereva. Dereva alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Bibi, hili haliruhusiwi kuondoka," dereva alisema.

"Haliruhusiwi na nani?"

"Ni masharti ya kibali. Mbio zikiendelea, gari la wagonjwa liwepo uwanjani. Likitoka tu, polisi wanasimamisha mbio. Na zikisimamishwa sasa hivi..." Alionyesha kwa kidevu umati uliokuwa umejazana kwenye uzio, wanaume kwa mamia, wengine juu ya miti, wengine juu ya mapaa ya malori. "Watu wameshaweka dau la fainali. Watachoma hili gari nikiwa ndani."

"Liko hapa kwa ajili ya nini sasa?"

"Kwa ajili ya watoto wakiumia, bibi," dereva alisema, na baada ya kusema hivyo aliona haya, akavua kofia.

"Mtoto ndiye huyu. Ameumia."

Jubaidah aliuliza habari ya pikipiki. Wahyu alitikisa kichwa. Barabara ile ya mawe, kilomita zote zile, akirushwarushwa, atafika amekwisha. Alale chali, asitikiswe, ndivyo alivyosema. Malori ya farasi nayo yalikuwa yamefungiwa ndani na pikipiki za watazamaji. Kisha Wahyu akatoa chupa yake mwenyewe ya maji kwenye mkoba, akafungua, akamlowesha mtoto midomo kwa pamba. Hakumruhusu anywe.

"Fainali ikiisha tu, bibi, huyu ndiye wa kwanza. Nakuahidi. Injini nitaiwasha mapema."

Wakati huo alikuja Haji Suhardin, mwenye Kilat. Alikuwa mtu mpole. Aliitisha kiti cha plastiki, akakipangusa kwa leso yake mwenyewe, akamkalisha Jubaidah, akamuuliza kama kile kikohozi kimepoa. Nyuma yake alisimama Misbah, mtoto wa Jubaidah, baba yake Fardan, na goti lake lisilokunjika. Misbah alikuwa mtunza farasi wa Haji, na nyumba waliyolala wote ilikuwa kwenye kiwanja cha Haji.

"Mama yangu," Haji alisema, "nimesikia kijana anaumwa tumbo. Pole sana. Nimeumia moyoni, haki ya Mungu. Tumpandishe basi, amalize, twende tukamtibu."

"Hapandi, Haji."

"Ameanguka leo, mama. Wewe unajua kuliko mimi."

Alijua. Kwao mtoto aliyeanguka haachwi atoke uwanjani kwa miguu. Lazima apande tena siku hiyohiyo kabla jua halijazama, ili woga usije ukalala ndani yake na kumharibia maisha. Na anayempandisha ni mwanamke mkubwa wa nyumba yake: anamlowesha utosi kwa maji, anamtamkia jina lake, anamnyanyua kwa mikono yake mwenyewe na kumkalisha mgongoni mwa farasi. Mtoto aliyeanguka akipandishwa na mtu mwingine, hakuna atakayeweka hata nauli yake juu ya farasi yule. Jubaidah alimpandisha Misbah hivyo mara nyingi. Mara ya mwisho goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Mwambie basi, Misbah," Jubaidah alisema. "Wewe ndiye baba yake. Mwambie Haji mtoto wako anakojoa damu."

Misbah alimsogelea. "Mama, ni dakika moja tu. Mbio zenyewe ni dakika moja."

"Sikukuuliza dakika."

"Mama, tafadhali. Usinifanyie hivi mbele ya Haji."

"Haji," Wahyu alijaribu kusema, "kitaalamu huyu mtoto akipigwa tena hata kidogo..."

"Wewe dogo wa zahanati, si ndiye uliyeniletea barua ya kuomba ule mchango wa paa?" Haji aliuliza, kwa sauti ileile ya upole. "Mlishaezeka?"

"Bado, Haji."

"Tutaona wiki ijayo." Alimgeukia tena Jubaidah, akachuchumaa mbele ya kiti chake, mzee mzima na suruali yake safi, mpaka macho yao yakawa sawa. "Mama, mimi sikulazimishi. Sijawahi kumlazimisha mtu. Kilat anawajua watoto wa nyumba yako, wengine anawatupa. Kama Fardan hawezi, hawezi. Misbah, mlete mdogo wake."

Ilimchukua Jubaidah muda kuelewa. Lutfi alikuwa na miaka mitano. Alikuwa amepanda Kilat akitembezwa tu mtoni, baba yake ameshika kamba.

"Lutfi hajaanguka leo," aliendelea Haji. "Kwa hiyo hahitaji hata mkono wako, mama. Pumzika tu."

Misbah hakusogea. Jubaidah akadhani atakataa. Kisha akageuka, akachechemea kwenda kwenye mabanda.

Lutfi alikuja anakimbia. Tayari alikuwa amevaa ile soksi nyeusi ya usoni inayoacha macho na mdomo tu, na kofia ngumu ya kaka yake iliyomcheza kichwani, na mdomo wake ulikuwa na unga wa sukari wa keki ambayo mtu alikuwa amempa.

"Bibi! Napanda! Baba kasema napanda mimi!"

"Utamshika wapi, baba?" Jubaidah alimuuliza taratibu.

"Hapa." Mtoto alionyesha hewani kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika usukani wa baiskeli.

Fardan alikuwa ameinuka kitandani. Aliteremka kutoka kwenye gari kwa kujivuta, mguu mmoja, kisha mwingine, akasimama ameshika mlango. Rangi ya midomo yake ilikuwa imeondoka.

"Hajui kona," alisema. "Bibi, yeye hajui kona. Kilat anavuta kulia. Atamgonga."

"Lala, mwanangu."

"Ninyanyue mimi."

"Fardan."

"Ninyanyue, bibi. Ni dakika moja. Halafu gari linaondoka. Si ndivyo alivyosema?" Alimtazama Wahyu. "Fainali ikiisha gari linaondoka?"

Wahyu alikubali kwa kichwa.

Lutfi akaanza kulia kwa kunyang'anywa kofia na kaka yake.

Jubaidah alitazama huku na huku. Alikuwa akitafuta mtu, hakujua nani. Kwenye jukwaa la wakubwa afisa mmoja wa wilaya alikuwa amepewa kipaza sauti na alikuwa akisema kwamba mkoa utajenga uwanja mwingine mkubwa zaidi, wenye viti, ili vipaji vya watoto vianze kukuzwa mapema. Askari wawili walikuwa wakinywa maji ya dafu. Mwanamke wa chai ya tangawizi alikuwa amemletea kikombe, hakutaka malipo, alikiweka tu karibu na mguu wa kiti akaenda. Kikombe kilikuwa kinatoa moshi.

Aliinuka. Ilibidi ainuke kwa kujisukuma kwa mikono.

Kilat aliletwa, akiwa anarusha kichwa, mweusi, anang'aa kwa maji aliyomwagiwa. Farasi mzuri; hilo halikuwa kosa lake. Watu walijipanga pande zote mbili, kwa sababu wenye dau walitaka kuuona uso wa bibi. Ndivyo walivyokuwa wakipima: mkono ukitetemeka wanapunguza, bibi akicheka wanaongeza.

"Bibi, tabasamu kidogo! Nimeweka pikipiki yangu!"

"Usinune hivyo, bibi, utatufilisi!"

"Acheni kumsumbua bibi wa watu," mwingine aliwakemea. Kisha akaongeza, "Ila bibi, macho tu. Yafute macho."

Jubaidah alichovya mkono kwenye bakuli, akamlowesha Fardan utosi. Maji yaliteremka shingoni. Alitakiwa kulitamka jina lake kwa sauti, na alilitamka, jina lake lote na la babu yake. Kisha akainama kwenye sikio lake.

"Ukiona vibaya, jiachie. Shika nywele za Kilat uteleze upande wa majani. Umesikia? Usishinde."

"Nisiposhinda Haji atamtoa baba kazini," mtoto alinong'ona.

Akamnyanyua. Alimshika chini ya makwapa asimguse tumbo, na alihisi mwili ule mdogo ukikaza wote kwa maumivu, bila sauti, mpaka alipokaa. Watu walipiga kelele za furaha. Nyuma yake akasikia dau zikipanda.

Misbah alishika hatamu kumpeleka kwenye vizimba vya kuanzia. Alikuwa akitembea ametazama mbele, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika mguu wa mtoto wake juu ya kifundo, kwa nguvu, njia nzima.

Wahyu aliwasha injini, kama alivyoahidi.

Jubaidah hakuona mbio zenyewe. Kutoka alipokuwa aliona migongo ya wanaume tu, na vumbi, na akasikia mtangazaji akitaja majina ya farasi haraka haraka, Kilat, Kilat, bado Kilat. Hakulitaja jina la mtoto yeyote. Kisha uwanja ukalipuka, na uzio ukaanguka kwa uzito wa watu, wakamwagika ndani kama maharage yaliyopasua gunia.

Wakati alipofaulu kupenya mpaka kwenye majani, walikuwa wameshamtoa Fardan juu ya farasi. Walikuwa wamembeba mabegani. Alipita mbali naye, juu ya vichwa, kutoka mikono hadi mikono, uso wake ndani ya ile soksi nyeusi, mkono mmoja uliolegea ukiruka juu na chini kila walipomrusha. Watu waliuona mkono ule wakampungia.

"Mshusheni!" Jubaidah alipiga kelele. "Mlazeni chini! Anaumwa!"

"Bibi ndiye huyu!" mtu alisema kwa furaha, akamkumbatia. Mwingine akambusu mkono, ule uliomnyanyua mtoto, na kujaribu kumbeba na yeye.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeanza kusogea. Lilisogea urefu wa hatua kadhaa, likazingirwa. Watu walijazana mbele yake, wengine wakapanda juu yake, wakicheza. Kupitia kioo Jubaidah alimwona Wahyu amepiga magoti kwenye kiti, anaonyesha kwa mkono, anasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Dereva aliweka kiganja chake juu ya honi akaibonyeza, akakiacha pale.

Watu waligeuza vichwa kuisikiliza. Halafu mwenye pikipiki mmoja akacheka, akapiga honi yake kuijibu, na wa pili akamfuata, na malori, na pikipiki zote zilizokuwa nje ya uzio, mpaka uwanja mzima ukawa unapiga honi kumshangilia mtoto.