Kuaga na Kukatika

"Usiniletee habari za mtandao! Mwanangu kanifungia mazungumzo usoni, na mashine yako ndiyo iliyoniambia!"

Mshona nguo kasimama mlangoni kwa jirani yake, kijana anayeandika programu, mkono kiunoni. Sisi wengine tuliokuwa kwenye korido tukawa tunaanika nguo zilizokwisha kukauka.

"Mama, ilisemaje hasa?"

"'Mwenzako amefunga mazungumzo.' Mwaka mzima hatusemi, namwandikia nisamehe, naye anafunga!"

La kutosemezana tulilijua: harusi ya bintiye huyo mama hakuhudhuria, ati mkwe hana kazi ya maana. La kuomba msamaha ndiyo kwanza tunalisikia.

Kompyuta mshonaji alipewa na kijana huyohuyo, ndani yake mna mfumo wa kuandikiana anaouunda na wenzake. Kijana akaenda kwa mshonaji, akavuta kiti kando ya cherehani, akasoma kumbukumbu za mashine. Akakuna kichwa.

"Hakufunga, mama. Kompyuta ya binti yako ilizimika, ikawaka upya. Ujumbe wako ulipofika ikawa haikumbuki kabisa kwamba imeunganishwa na yako, ikajibu: kata."

"Mbona yangu ikasema kafunga?"

"Hapo nimekosea mimi. Mtu akiaga vizuri, mfumo unapita njia moja. Muunganisho ukikatika ghafla, niliupitisha njia ileile. Niliona mwisho ni mwisho tu."

"Mwisho ni mwisho! Ndiyo maana hujaoa."

Korido nzima ikacheka, na kijana naye akacheka. Kisha akakaa akazitenganisha njia zile mbili, kazi iliyomla mchana wote. Akaleta laptopu yake wakaandikiana, akaizima ghafla katikati ya maneno, akaiwasha tena. Mshonaji akaandika neno. Skrini ikasema: "Muunganisho umekatika ghafla. Ujumbe haujafika."

"Kwa hiyo ule wa nisamehe..."

"Hajauona."

Tulidhani atapiga vigelegele. Akaketi.

"Yaani niombe upya?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena, na safari hii akamtaja na mkwe kwa jina. Akabonyeza. "Ujumbe umefika," skrini ikasema.

Kijana akakunja laptopu aondoke.

"Unakwenda wapi? Weka hiyo chini. Chakula kiko jikoni, na jibu hili silisubiri peke yangu. Nanyi mliojazana hapo mlangoni, ingieni tule."