Bibi wa Miaka Tisa

Mwezi wa saba mwaka tisini na nne, Pankrasi alifungua soda kwa meno dukani kwa Edmund, mtaa wa Lizaboni, Songea, akabandua mpira wa ndani ya kizibo na kukuta picha ya ukuta uliobomoka. Yeye alitaka baiskeli. Kwa miezi mitatu mtaa mzima ulikuwa unakunywa soda kwa ajili ya baiskeli, watu wanacheua gesi mpaka kanisani, na hadi siku hiyo Lizaboni ilikuwa imeambulia fulana nne na kofia moja. Edmund alikipeleka kizibo kwenye mwanga, akakilinganisha na bango la ukutani, akatangaza kwamba Pankrasi na mkewe wameshinda likizo ya siku tatu kwenye magofu ya mji wa kale wa Kilimbwi, pwani.

"Magofu?" Pankrasi akasema. "Mimi niliyefanya kazi shirika la umma miaka kumi na tisa, ndiyo wanataka kunionyesha magofu?"

Watu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Pankrasi alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliendesha lori la shirika mpaka siku shirika lilipofungwa, akaambiwa aache funguo mezani aende, na tangu hapo aliuza viatu vya mitumba. Riziki yake aliipata kwa kuwachekesha watu mpaka wanunue viatu visivyowatosha.

Mkewe, Kunegunda, alifunga nguo, maandazi na rozari. "Likizo sijawahi kuiona," alisema. "Ngoja nikaione inafananaje."

Gari la kampuni ya soda liliwachukua siku mbili, Namtumbo, Tunduru, Masasi, vumbi likiingia hata kwenye maandazi. Kilimbwi palikuwa na lango la mbao, kibanda, na mlinzi mmoja ambaye pia ndiye aliyetembeza wageni. Aliitwa Daimu, Myao mwembamba mwenye baraghashia safi. Alisoma walipoandika "Songea" kwenye kitabu cha wageni, akatabasamu kama mtu aliyepata ndugu.

"Ahaa! Watumwa wangu. Safari hii mmekuja wenyewe, bila kamba."

"Nyamaza wewe," Pankrasi akajibu. "Babu yako alikuwa akisikia ngao za Wangoni anapanda mti, nguo anaiacha chini."

"Alipanda ili awahesabu. Alikuta mko wanne, wengine wote makelele."

Kunegunda alisimama pembeni akisubiri wamalize. Watani wakikutana ni lazima watukanane kwanza, ndipo waulizane habari za nyumbani.

Mji ule ulikuwa na watu wake. Wafanyabiashara wa miaka mia sita iliyopita walikuwa wanakula chakula cha mchana kwenye ua wa nyumba isiyo na paa, na Daimu aliwaomba wageni wapitie pembeni wasije wakakanyaga mkeka. Mbele kidogo mzee mmoja aligombana na fundi kuhusu mlango ambao wote wawili walijua haupo. Daimu alieleza kwamba marehemu wa karne tofauti hawasalimiani, ni mambo yao ya siku nyingi, wageni wasiyaingilie. Kunegunda aliuliza choo kiko wapi.

Kando ya kisima palikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama tisa, kajifunga kaniki kifuani, meno mawili ya mbele hana. Alikuwa anachota maji kwa mtungi na kuyamimina kwenye birika lililopasuka, maji yakatoka chini, naye akarudi kuchota. Pankrasi alikuwa bado amepamba moto. Aliona chale mashavuni mwa yule mtoto, akamdhania Myao, akamrushia utani ambao amekuwa akiurusha misibani na harusini tangu ana miaka kumi na mitano:

"Na wewe kabinti! Babu yangu ndiye aliyekuuza hapa kwa gobori moja, na risasi zake mpaka leo hamjatuletea!"

Mtoto alitua mtungi.

"Ndiyo," akasema, kwa Kingoni cha zamani, kizito. "Alikuwa na kovu hapa." Akagusa juu ya jicho la kushoto. "Aliniambia nisubiri kidogo, anaenda kunywa maji."

Daimu alivua baraghashia. Pankrasi alibaki na mdomo wazi, kicheko kikiwa nusu nje nusu ndani. Kovu lile alilijua. Lilikuwa kwenye picha pekee ya babu yake, ile iliyopigwa na mapadre, na gobori lilitundikwa chini ya picha hiyo, sebuleni kwa shangazi Suzana, Mjimwema, kule kule Songea. Babu alipigana nalo katika vita dhidi ya Wajerumani, na kila mwezi wa pili, kwenye kumbukumbu ya vita hivyo, jina lake lilisomwa pamoja na ya mashujaa wengine. Lilikopatikana gobori hakuna aliyeuliza. Pia ilisemwa katika ukoo kwamba babu alikuwa na dada mdogo, akachukuliwa na simba.

"Msalimie basi," Kunegunda akasema kwa sauti ya chini. "Si bibi yako huyo?"

Pankrasi, mwenye miaka hamsini na minne na mvi kidevuni, alichuchumaa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia mtoto. Akamtazama sana. "Nyumbani kulikuwa na mbuzi mwenye mimba. Alizaa?"

"Alizaa."

"Wangapi?"

"Wawili," Pankrasi akasema. Hakujua, ila aliona chini ya wawili isingekuwa haki.

Mtoto alifurahi, pengo likaonekana. Kisha akashika mtungi wake, maana mwenye nyumba alikuwa anamwita.

Daimu aliwaeleza utaratibu, taratibu kama daktari. Waliozaliwa mjini pale wanakaa kwa hiari yao. Walioletwa wakiwa wameuzwa wanaweza kuondoka, lakini ni lazima mtu wa damu yao asimame nje ya lango na kuwaita kwa jina walilopewa na mama. Mwaka wa sabini na tisa alikuja mzee mmoja wa Kimatumbi, akamwita kaka wa bibi yake mara moja tu. Yule kijana akatupa jiwe alilokuwa amebeba, akatoka, wakaenda kupanda basi. Kondakta alimtoza nusu.

"Mimi nimeshawazoea," Daimu akasema. "Ila huyu wako ndiye ananisumbua. Wenzake wakipumzika wanalala. Yeye anakaa anatazama njia ya bara."

Pankrasi alirudi kisimani. "Bibi, unaitwa nani?"

"Faida," mtoto akasema. "Kabla ya hapo Zafarani. Kabla ya hapo Sikuzani, na njiani waliniita Wewe. Lile la mama liko chini ya haya yote, silifikii." Alisema hivyo bila kulia, kama anayeeleza mahali kijiko kilipodondokea. "Lakini kaka analijua. Hakukutuma nalo?"

Pankrasi alikuwa ameshauza kiatu cha mguu wa kushoto kwa mtu mwenye mguu wa kulia tu. Uongo haukuwahi kumshinda. Siku hiyo ulimshinda.

"Naenda kulifuata," akasema.

Siku mbili za likizo zilizobaki alizitumia nje ya lango, akiita kila jina lililomjia. Kisha gari likawarudisha.

Shangazi Suzana alikuwa amekaa barazani Mjimwema, anapukuchua maharage. Alikuwa na miaka themanini na nne na ndiye mtoto wa mwisho wa babu aliyebaki hai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Zawadi ya pwani iko wapi?"

Pankrasi akamweleza zawadi aliyoikuta. Bibi kizee aliendelea kupukuchua. Pankrasi alipofika kwenye habari ya mbuzi, mikono ya shangazi ilisimama.

"Meno ya mbele yameota?"

"Bado, shangazi."

"Baba alisema yalikuwa yametoka wiki ile ile." Akachukua ganda jingine. "Alikuwa akilewa analia, anasema kwa nini hakusubiri hata yaote."

"Kwa hiyo mnajua. Na jina mnalijua."

"Nalijua mimi. Wengine wamekufa nalo."

"Niambie."

Shangazi alitazama ndani, sebuleni, gobori lilipokuwa. "Wewe hujajiuliza kwa nini koo zote mtoto wa kike anarithi jina la bibi yake, sisi tu ndiyo Suzana, Klementina, Jovina? Padre alidhani ni imani. Baba aliogopa jina lile lisije likazaliwa tena nyumbani, halafu mtu akauliza lilikuwa la nani. Alituapisha."

"Shangazi, mtoto anachota maji miaka mia na kumi."

"Nimesikia."

"Neno moja tu."

"Neno hilo likitoka, mwezi wa pili watalisoma pamoja na la baba. Watoto wako watapita mjini wakiambiwa, hao ndio wale." Sauti yake haikupanda. "Baba yangu alikuwa mtu mwema kwangu, Pankrasi. Alinibeba mgongoni mpaka misheni nilipougua. Niache na baba yangu."

Pankrasi alipiga magoti kwenye maganda ya maharage. Alitania, akaomba, akatishia kumshtaki kwa padre, akalia. Shangazi alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akamwambia aingie ndani akale, kuna ugali.

Alikwenda Mjimwema kila Jumapili mpaka mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Shangazi alikuwa akimpokea vizuri. Alipofariki, Pankrasi alikuwa ameinama sikio karibu na mdomo wake, na neno la mwisho alilosikia lilikuwa ombi la uji. Alizikwa kwa heshima, kama binti wa shujaa.

Tangu hapo Pankrasi alikusanya majina. Aliyauliza kwa wanunuzi wa viatu, kwa wazee wa Namtumbo, vilabuni, kwenye vitabu vya zamani vya ubatizo ambamo mapadre waliandika jina la kuzaliwa kabla ya kulifuta. Yalikuwa majina ya njaa, ya mvua, ya vita, ya uchungu wa mama na ya matusi ya jirani. Kila mwezi wa saba alipanda lori la mizigo hadi Kilimbwi, na Kunegunda alikwenda naye. Daimu alimtolea kigoda nje ya lango na hakumtania tena, jambo ambalo kwa watani ni la kuhuzunisha kupita msiba.

Pankrasi aliita kutoka asubuhi hadi lango linafungwa. Kwa kila jina mtoto alitua mtungi, akainamisha kichwa, akalisikiliza lote mpaka mwisho kwa adabu ya nyumbani kwao, kisha akatikisa kichwa na kuunyanyua tena.

Mwaka wa tatu Kunegunda alimshika mkono. "Baba Careen, hebu mwangalie mabega. Kila ukiita anautua, anaunyanyua. Unamwongezea kazi."

Pankrasi aliangalia, akaona ni kweli. Akakunja karatasi yake. Baada ya hapo aliita wakati wa mapumziko tu, wenye nyumba walipokuwa wamelala na mtoto amekaa kivulini, uso ukiwa upande wa bara. Mapumziko yalikuwa mafupi. Kwa siku tatu yalitosha majina arobaini, mengine akarudi nayo Songea.